Jiwe la Shinkolobwe na Mionzi Isiyoonekana

Katika hospitali zetu kuna chumba kimoja ambacho watu wengi wanakiingia kwa hofu. Ni chumba cha radio, mahali wanapopiga picha ya kifua na ya mifupa. Mgonjwa anaambiwa: «Simama hapa, usitikisike, zuia pumzi.» Kisha yule anayepiga picha anakwenda kujificha nyuma ya ukuta. Mgonjwa anajiuliza moyoni: «Kama kitu hiki ni kizuri, mbona yeye mwenyewe anakikimbia?» Wengine wanatoka humo wakisema kwamba radio inakausha damu. Wengine tena wanaidhani kuwa dawa, wanataka wapigwe kila mwezi ili wapone upesi.

Anayekataa kabisa amekosa, na anayeitaka kila mwezi amekosa vilevile. Lakini swali la yule wa kwanza ni swali la mtu mwenye akili. Watu wa elimu wamelitafutia jibu kwa miaka zaidi ya 100, na wengi walikufa kabla halijapatikana. Sisi watu wa Kongo tuna sababu ya kuijua habari hii, maana sehemu yake kubwa ilitoka katika udongo wetu.

1. Nuru inayopenya mwili

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu Wilhelm Röntgen alikuwa akijaribu umeme ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Chumba kilikuwa na giza, na chupa ilifunikwa kwa karatasi nyeusi. Hata hivyo kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kikaanza kung'aa. Kumbe kulikuwa na kitu kinachotoka katika chupa, kinapenya karatasi, wala jicho halikioni. Hakujua ni kitu gani, akakiita «X», kama vile watu wa hesabu wanavyoita namba wasiyoijua. Siku chache kabla ya Noeli akapiga picha ya mkono wa mke wake. Mifupa yote ikaonekana, na pete imening'inia juu ya mfupa wa kidole.

Mwaka uliofuata, huko Paris, Henri Becquerel akaona kwamba jiwe lenye uraniumu linatoa mionzi yake lenyewe, bila umeme wala jua. Mwaka 1898 Marie Curie na mume wake Pierre wakapata madini mawili mapya ndani ya mawe ya namna hiyo. Moja waliliita radiumu. Mionzi yake inashinda ya uraniumu mara nyingi sana, na chumvi yake inang'aa usiku kama kimulimuli.

Mionzi hii ni ndugu ya nuru tunayoiona, au ni vipande vidogo mno vinavyoruka kwa mbio kutoka katika madini. Ina nguvu ya kuingia mwilini na kugonga chembe ndogo ambazo mwili umejengwa nazo. Chembe ikigongwa sana hufa. Ikigongwa kidogo, huenda ikajitengeneza. Tena huenda ikajitengeneza vibaya. Na hapo ndipo shida yote ya habari yetu.

Watu wa wakati ule walifurahi mno. Waganga waliweza kuona risasi ndani ya mguu wa askari bila kumpasua. Hawakuogopa mionzi, kwa sababu haina harufu, haina sauti, na siku ile ile haiumi. Huko Marekani Clarence Dally, fundi wa Edison, alijaribu masini za picha kila siku kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele yake. Mikono ikatoka vidonda visivyopona, kisha kansere. Wakamkata mkono mmoja, wakamkata na wa pili. Mwaka 1904 akafa. Edison akaiacha kazi ile kabisa. Mwaka 1936, mjini Hamburg, wakasimamisha nguzo ya mawe yenye majina 169 ya waganga, wataalamu na wauguzi waliouawa na mionzi katika kazi yao, na baadaye majina mengine mengi yakaongezwa. Marie Curie naye alikuwa amekufa tarehe 4 Julai 1934, kwa ugonjwa wa damu: mifupa yake haikuweza tena kuzaa damu mpya.

Basi somo la kwanza lilieleweka: mionzi mingi inaunguza na kuua. Lakini mionzi kidogo? Juu ya hiyo watu waliendelea kubishana.

2. Kilima cha Katanga

Radiumu ilitafutwa sana, kwa sababu waganga walikuwa wameona kwamba inaweza kuua uvimbe wa kansere. Hapo usishangae: mionzi ile ile inayoweza kuzaa kansere katika mwili mzima ndiyo inayoichoma ikielekezwa juu yake. Lakini radiumu ilikuwa haba. Marie Curie aliitoa katika mabaki ya mawe ya Joachimsthal, mji wa Bohemia, ambao leo ni Jáchymov katika nchi ya Ucheki. Ilimpasa kuchemsha na kuchuja mawe mengi ajabu ili apate sehemu ndogo ya grama moja.

Ndipo mwaka 1915 Mwingereza mmoja aitwaye Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini Katanga, akaona mawe mazito yenye rangi ya manjano juu ya kilima cha Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1921 kazi ya kuchimba ikaanza. Mwishoni mwa mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiumu ya kwanza ya Kongo. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniumu nyingi kupita mawe yote yaliyojulikana. Bei ya radiumu ikashuka katika ulimwengu, na mashimo ya Marekani yakashindwa. Kwa miaka kadhaa mgonjwa wa kansere aliyetibiwa kwa radiumu huko Paris au London aliponywa mara nyingi na jiwe lililotoka Katanga.

Wachimbaji wa Shinkolobwe walifanya kazi kama katika shimo la shaba. Walipasua mawe, wakayachagua kwa mikono, wakayatia katika magunia. Katika miaka ile hakuna mchimbaji aliyevaa chombo cha kupima mionzi. Vumbi liliingia puani na mdomoni, likakaa juu ya nguo, likafika nyumbani.

Lakini onyo lilikuwa limekwisha kuandikwa zamani. Georgius Agricola, aliyewahi kuwa mganga wa Joachimsthal, alieleza magonjwa ya wachimba madini katika kitabu kilichotoka mwaka 1556. Alisema kwamba katika milima ya Karpati kulikuwa na wanawake walioolewa na waume saba, na wote saba wakafa kwa ugonjwa wa shimo. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walipasua maiti za wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, wakaona kwamba ugonjwa ule ulikuwa kansere ya mapafu. Sababu ilieleweka baadaye tu. Radiumu iliyo ndani ya mawe huzaa gesi inayoitwa radoni. Gesi hiyo haionekani wala hainuki. Mchimbaji huivuta, nayo huacha ndani ya mapafu vumbi dogo lenye mionzi. Siku moja si neno, mwezi mmoja si neno. Lakini miaka ishirini? Haba na haba hujaza kibaba.

3. Wasichana waliolamba brashi

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, kompani moja iliajiri wasichana kupaka rangi ya radiumu juu ya namba za saa, ili askari wazisome usiku. Namba zilikuwa ndogo, na brashi ilitakiwa iwe na ncha kali. Wasichana wakafundishwa kuichonga kwa midomo: lamba, chovya, paka. Kila mara walimeza kidogo tu. Waliambiwa haina neno. Wengine walipaka kucha na meno, wapate kung'aa gizani siku ya sikukuu.

Baada ya miaka michache meno yakaanza kung'oka yenyewe. Mfupa wa taya ukaoza. Miguu ikavunjika bila kuanguka. Radiumu ni kama chokaa: mwili haujui kuitofautisha, unaiweka ndani ya mifupa, nayo inakaa humo ikipiga mionzi usiku na mchana. Kompani ikasema ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1925 Dokta Harrison Martland akapima miili ya wazima na ya wafu, akaonyesha kwamba radiumu imo ndani yao. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kompani, na walipofika mbele ya mahakama wengine hawakuweza hata kuinua mkono ili waape. Mwaka 1928 wakapatanishwa: kila mmoja dola 10,000, na dola 600 kila mwaka maadamu yu hai. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Watu zaidi ya 2,000 waliokuwa na radiumu mwilini walifuatwa na kupimwa miaka mingi. Ikaonekana jambo la kushangaza. Kansere ya mifupa iliwapata wale waliomeza nyingi, lakini wale waliomeza kidogo sana hawakuonekana nayo. Wengi wakasema: «Tazama! Mionzi ina mpaka. Chini ya mpaka huo, hakuna hatari.» Neno hilo liliwafurahisha wenye viwanda. Je, lilikuwa kweli kwa kila mionzi na kila namna ya kansere?

4. Hesabu ya Hiroshima

Shimo la Shinkolobwe lilifungwa kabla ya vita, likajaa maji. Mwaka 1940 mkubwa wa kompani, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake mpaka New York, yasije yakaangukia mikono ya Wajerumani. Mwezi wa Septemba 1942 akayauza kwa jeshi la Marekani. Kisha shimo likatolewa maji, na wachimbaji wakarudishwa kazini. Magunia yakapanda treni mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, yakashuka kwa mashua mpaka Léopoldville, yakafika Matadi. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ya siri ilitoka Kongo. Waliochimba hawakuambiwa inakwenda wapi.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la uraniumu likaanguka Hiroshima. Siku tatu baadaye bomu la namna nyingine likaanguka Nagasaki. Katika Hiroshima peke yake wanakadiria kwamba watu kama 140,000 walikuwa wamekufa kabla ya mwaka kwisha, kwa moto, kwa kupondwa na kwa mionzi mingi.

Huko Nagasaki alikaa mganga mmoja Mkatoliki, Takashi Nagai. Kazi yake ilikuwa chumba cha radio. Wakati wa vita filamu zilikosekana, na wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wengi. Kwa hiyo aliwatazama kwa macho yake mbele ya kioo cha mionzi, mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku. Mwezi wa Juni 1945, miezi miwili kabla ya bomu, akatambua kwamba ana lekemia, yaani kansere ya damu. Mionzi ya kila siku, kidogo kidogo, ilikuwa imemfikia. Tarehe 9 Agosti bomu likamwua mke wake Midori. Bwana Nagai alikuta mifupa yake katika majivu ya nyumba, na rozari karibu naye. Akatunza watoto wao wawili, akaandika vitabu akiwa amelala kitandani, akafa tarehe 1 Mei 1951.

Wale walioponea bomu walianza kufuatwa. Tangu mwaka 1950 watu kama 120,000 wa miji ile miwili wameandikwa: mtu alikuwa wapi saa ile, nyuma ya ukuta gani, alipata mionzi kiasi gani, na baadaye aliugua nini. Wengi wao hawakuwa karibu na moto. Walikuwa mbali, wakapata mionzi kidogo. Lekemia ilianza kuongezeka miaka michache tu baada ya bomu. Kansere za tumbo, za mapafu, za maziwa na nyingine zilikawia miaka kumi na zaidi, tena zinaendelea kuonekana katika uzee wa wale waliokuwa watoto siku ile.

Hesabu iliyofika mwaka 1997 inatufundisha vizuri. Watu 86,572 waliangaliwa. Kati yao 9,335 walikuwa wamekufa kwa kansere zisizo za damu. Je, wote waliuawa na mionzi? Hapana. Walipolinganisha waliopata mionzi na wasioipata, walikadiria kwamba vifo kama 440 ndivyo vilivyoletwa nayo, yaani 5 katika kila 100. Vingine vingetokea hata kama bomu lisingeanguka. Na tena, watoto waliotungwa mimba baada ya bomu walipimwa kwa maelfu, wala haijaonekana mpaka leo kwamba wamerithi ugonjwa kwa ajili ya mionzi ya wazazi wao. Walioumia ni wale waliokuwa tayari tumboni siku ile. Baadhi yao walizaliwa na kichwa kidogo na akili pungufu.

Jambo kubwa la hesabu hiyo ni hili: hatari ilipanda pamoja na kiasi cha mionzi, kama mtu anayepanda kilima kilichoinama sawasawa. Hawakuona ngazi ambayo chini yake mtu yu salama kabisa.

5. Mwanamke aliyewauliza akina mama

Wengine walisema bado: «Bomu ni bomu. Mionzi ya hospitali ni kitu kingine.» Ndipo huko Oxford, Uingereza, mganga mmoja, Alice Stewart, akafanya jambo jepesi. Alitafuta akina mama ambao watoto wao walikufa kwa lekemia au kansere, na akina mama wengine ambao watoto wao walikuwa wazima. Akawauliza wote maswali yale yale juu ya siku za mimba. Mwaka 1956 akatoa habari ya kwanza, na mwaka 1958 habari kamili. Mama aliyepigwa picha ya mionzi tumboni wakati wa mimba alikuwa na hatari karibu mara mbili ya kupoteza mtoto wake kwa kansere. Mionzi ya picha ile ilikuwa ndogo, haikuunguza hata ngozi.

Wengi wa waganga hawakumsadiki. Nani anapenda kusikia kwamba mkono wake uliotaka kuponya umeumiza? Lakini mwaka 1962 Brian MacMahon akapata jambo hilo hilo Marekani katika maandiko ya hospitali. Polepole desturi ikabadilika. Leo mwanamke mwenye mimba anaulizwa kabla ya picha, na mahali panapowezekana anatazamwa kwa masini ya sauti isiyo na mionzi. Haya yote yalitoka kwa wanawake waliofiwa, waliokubali kuulizwa, na kwa mtu aliyesadiki kwamba mama anakumbuka vema.

6. Mfano wa nyoka

Ndugu msomaji, labda unauliza: inawezekanaje mionzi kidogo izae ugonjwa mkubwa? Fikiri njia inayopita katika majani marefu. Usiku nyoka hulala humo. Mtu akipita mara moja, pengine hamkanyagi. Akipita kila usiku, ipo siku atamkanyaga. Lakini angalia: yule aliyepita mara moja tu akiumwa, sumu haipungui kwa sababu alipita mara moja. Kupita mara chache kunapunguza nafasi ya kuumwa, hakupunguzi ubaya wa sumu.

Ndivyo ilivyo kansere ya mionzi. Mionzi kidogo haileti kansere ndogo. Inaleta nafasi ndogo ya kupata kansere ile ile. Chembe moja iliyogongwa, ikijitengeneza vibaya, yaweza kukaa kimya miaka kumi au thelathini, kisha ikaanza kuzaa bila mpaka. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kamwe kusema: «Picha ya siku fulani ndiyo iliyoniua.» Na ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa wakubwa kukana.

Sasa tupime kidogo. Wataalamu hupima mionzi kwa kipimo kiitwacho milisiverti. Sisi sote tunapata mionzi ya asili kutoka mbinguni, katika mawe, katika chakula na katika hewa, karibu milisiverti 2.4 kwa mwaka, ukichukua wastani wa ulimwengu. Picha moja ya kifua, masini ikiwa nzuri, kwa kawaida haizidi sehemu moja ya kumi ya milisiverti: ni kama mionzi ya asili ya nusu mwezi. Picha ya skaneri ni kubwa zaidi. Ile ya tumbo huweza kufika milisiverti 10. Wanakadiria kwamba watu 10,000 wakipata milisiverti 10 kila mmoja, 5 hivi watakufa baadaye kwa kansere iliyoletwa nayo. Lakini kati ya watu 10,000 hao, katika nchi za Ulaya, zaidi ya 2,000 watakufa kwa kansere kwa sababu nyingine. Kuwatambua wale 5 katika umati ule ni kama kutafuta punje ya mtama katika gunia la mahindi yaliyosagwa.

Kwa hiyo ubishi haujakwisha. Katika Kerala, nchi ya India, kuna mchanga wenye mionzi ya asili mingi kuliko mahali pengi, na watafiti hawakuona kansere imezidi kwa watu wa huko. Kwa upande mwingine, wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa viwanda vya atomu vya Ufaransa, Uingereza na Marekani wamefuatwa miaka mingi. Walipata mionzi kidogo kidogo, na kwao vifo vya kansere viliongezeka kadiri mionzi ilivyoongezeka. Wakuu wa elimu hii wamechagua njia ya mtu mwangalifu: wanahesabu kwamba kila kipimo, hata kidogo, kina hatari yake ndogo. Wameweka mpaka kwa mfanyakazi: milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Kwa mtu wa kawaida ni milisiverti 1 kwa mwaka, bila kuhesabu mionzi ya asili na ya matibabu. Na chini ya mpaka huo bado wanasema: punguza kadiri inavyowezekana.

Hapa tunaweza kumjibu mgonjwa wetu. Yule anayepiga picha anajificha kwa sababu wewe unapita njia ya nyoka mara moja, tena kwa faida yako: kifua kikuu kisichoonekana kitakuua mapema kuliko picha. Yeye angepita mara arobaini kwa siku, bila faida yoyote kwa mwili wake. Takashi Nagai alipita hivyo, na tumeona mwisho wake.

7. Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Tusiseme kwamba jiwe lile ni la laana. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya Monsinyori Luc Gillon, padri na mtaalamu wa atomu, kiliwasha huko Léopoldville tanuru ya atomu ya kwanza katika Afrika, kwa ajili ya masomo na utafiti. Mpaka leo mionzi inaponya wagonjwa wengi wa kansere ulimwenguni. Ubaya haumo katika jiwe. Umo katika kumtuma mtu alibebe bila kumwambia ni jiwe gani.

Fikirini jambo hili. Waganga wa Hamburg wana nguzo yao yenye majina. Wasichana wa saa walipata mahakama. Watu wa Hiroshima wamehesabiwa mmoja mmoja. Hata wachimbaji wa uraniumu wa Kanada, Marekani, Ucheki, Ufaransa na Ujerumani wameunganishwa katika hesabu moja kubwa, na hesabu hiyo imeonyesha wazi jinsi radoni inavyoua mapafu. Shinkolobwe haimo. Jiwe lao lilifika katika kila kitabu cha historia. Mapafu yao hayakufika katika daftari la mtu.

Na habari haikwishia zamani. Kampuni ilifunga shimo mwaka 1960, ikaziba milango yake kwa sementi. Lakini katika miaka ya 1990 watu walirudi juu ya kilima kwa majembe na mitarimbo, kutafuta kobalti na shaba, kwa sababu ya njaa. Mwezi wa Januari 2004 serikali ikakataza kuchimba pale. Mwezi wa Julai mwaka ule shimo likaanguka, likaua watu 8. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye waliona hatari mbili: mashimo yanayoweza kubomoka siku yoyote, na mionzi kwa mtu anayekaa humo siku nyingi. Hatari ya kwanza inalia kwa kishindo, na kila mtu anaikimbia. Ya pili haina kishindo.

Basi tufanye nini? Mganga akikuandikia radio, nenda. Mwulize tu kama inahitajiwa, na umwonyeshe picha ya zamani ukiwa nayo, pengine itatosha. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme mara moja kabla ya kuingia. Mtu asichukue jiwe zito la rangi ya manjano au kijani la milima ile ili kujengea jiko au kumchezesha mtoto. Kijana anayeingia shimoni avae kitambaa puani juu ya vumbi, ingawa gesi haizuiliwi na kitambaa. Hewa nyingi ndiyo inayoiondoa. Na asivute tumbaku, maana tumbaku na radoni wakikutana katika pafu moja, hatari yao huongezeka kuliko kila mmoja peke yake.

Na wewe uliye na baba au babu aliyefanya kazi Shinkolobwe, mwulize akiwa hai; kama amekufa, ulizeni waliomjua. Alianza mwaka gani? Alifanya kazi ndani ya shimo au juu? Aliugua nini? Andikeni katika daftari, na wekeni pamoja na karatasi za ubatizo na ndoa. Alice Stewart alianza vivyo hivyo, kwa kuwauliza watu waliokumbuka.